Ushauri: televisheni iko ukutani, soketi iko mbali. Je, ekstensheni inafaa?

Mpangaji wa Mbezi
Ndugu wanajamvi, salaam. Sebule ya nyumba niliyopanga ina soketi moja tu ya matundu mawili, nayo iko karibu na mlango, ilhali ukuta unaofaa kutundikwa televisheni uko upande wa pili, umbali wa mita nne hivi. Televisheni ni ya inchi 55 na nyuma yake pameandikwa wati 140. Nakusudia kutumia ekstensheni ya mita tano itakayobeba pia king'amuzi, ruta na, mara mojamoja, pasi, kwa kuwa tundu la pili la soketi linatumiwa na friji. Fundi aliyekuja kupima breketi anashauri tuchimbe ukuta, tuuzike waya wa ekstensheni humo, kisha tupige plasta na rangi. Mke wangu amelipenda wazo hilo, mimi nasita. Naomba mwongozo.

Fundi Umeme Mstaafu
Ndugu Mpangaji, umefanya vyema kusita. Televisheni yenyewe haina tatizo: wati 140 kwa umeme wetu wa volti 230 ni takriban ampea 0.6, na hata ukiongeza king'amuzi na ruta hufiki ampea moja. Tatizo ni pasi. Pasi ya wati 2000 inavuta karibu ampea 9, na ekstensheni nyingi za bei nafuu zina waya wa milimita 0.75 za mraba, unaostahimili ampea 6 tu. Fyuzi ya ampea 13 iliyomo kwenye plagi haitakuokoa hapo, kwa sababu haioni kosa lolote katika ampea 9. Itaendelea kupitisha umeme huku waya ukichemka. Ondoa fyuzi hiyo, weka ya ampea 3, ambayo inatosha vifaa visivyozidi wati 690 kwa jumla. Siku mtu akichomeka pasi, fyuzi itakatika, nawe utakuwa umepoteza fyuzi tu.

Kuhusu kuuzika waya ukutani, jibu langu ni hapana. Waya wa ekstensheni umetengenezwa uwe wazi, upate hewa na uonekane ukichubuka. Ukishafunikwa kwa saruji, joto halina pa kutokea, na atakayekuja kupiga msumari wa picha hatajua kuwa kuna umeme mahali hapo. Fundi wa breketi ni fundi wa breketi.

Bibi Harusi wa Tabata
Naongezea jambo ambalo wengi tunalizoea vibaya. Televisheni nyingi zinakuja na plagi ya pini mbili za duara, na watu huchomeka kijiti au kofia ya kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili pini ziingie kwa nguvu. Pini hizo hazishiki sawasawa, hulegea, na palipolegea ndipo panapopiga cheche na kuyeyusha plastiki. Tumia adapta imara yenye fyuzi yake. Ukigusa plagi baada ya filamu moja ukaikuta ya moto, usiendelee kuitumia. Vilevile usiunganishe ekstensheni moja na nyingine kwa kuwa ya kwanza haikufika.

Mpangaji wa Mbezi
Nawashukuru sana. Pasi nitaihamishia chumbani. Je, kwa kuwa nyumba si yangu, ekstensheni iliyo wazi ukutani inaweza kuwa suluhisho la kudumu?

Fundi Umeme Mstaafu
Kwa miezi michache, ndiyo, mradi ipite pembeni mwa ukuta, isipite chini ya zulia wala katikati ya mlango, na kichwa chake kisining'inie kwa uzito wa plagi. Kwa muda mrefu, mwombe mwenye nyumba akuruhusu kuongeza soketi nyuma ya televisheni. Si lazima ukuta uchimbwe: waya wa milimita 2.5 za mraba, wenye waya wake wa ethi, hupitishwa ndani ya trankingi ya plastiki juu ya ukuta, na ukihama soketi inabaki kuwa mali ya nyumba, hoja ambayo wenye nyumba huisikiliza. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, yaani mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, na umeme uzimwe kwenye meinswichi kabla hajafungua chochote. Kifaa cha kulinda televisheni dhidi ya umeme unaorudi kwa kishindo kinafaa pia, ila hicho hakipunguzi joto la waya mwembamba.

Mkazi wa Ukonga
Kabla ya kutoboa matundu ya breketi, tazameni kama kuna swichi au soketi juu au chini ya sehemu hiyo, kwani waya wa ndani ya ukuta kwa kawaida hupanda na kushuka wima kutoka hapo.

Mpangaji wa Mbezi
Ipo swichi ya taa, sentimita thelathini hivi kutoka tulipoweka alama. Tutaisogeza alama, na mwenye nyumba nitampigia leo jioni.