Kichujio cha matusi kimenitukania msiba

Wakuu, leo mnivumilie, nimevurugwa.

Juzi nimeweka tangazo la familia kwenye mtandao mmoja hivi: "Tunawashukuru nyote mliotuwezesha kumaliza salama arobaini ya Mzee Hassan." Likatoka hivi: "Tunawashukuru nyote mliotuwezesha ****liza salama arobaini ya Mzee H***an."

Usiku mama mkwe akapiga simu, sauti chini kabisa: "Baba Salma, marehemu umemtukana nini?" Haya, mweleze sasa mama mkwe kwamba herufi nne za mwanzo za "kumaliza" ni tusi la nguoni! Nikabaki naumauma maneno. Hassan naye kosa lake ni kubeba matako ya Kiingereza katikati ya jina. Kabla ya zile nyota hakuna aliyewaza uchafu. Nyota ndizo zilizowafundisha watu kuwaza.

Hili roboti linatafuta herufi, neno lenyewe halilioni. Kiswahili tunaunganisha: weka "ku" mbele ya kitenzi kinachoanza na "ma" umeshatukana. Kumaliza, kumaanisha, kumakinika, zote matusi. Kwa hasira nikaanza kulijaribu. "Mashitaka" likala nyota, kumbe ndani mna kinyesi cha Kiingereza. Bibi Titi Mohamed, mama aliyezunguka nchi kuinadi TANU na barabara anayo Dar, naye nyota. Saratani ya matiti ndiyo kabisa, ujumbe mzima ukafutwa. Sasa anayehimiza kina mama wakapime aandike nini, "saratani ya kifuani kwa mbele"?

Na si ugonjwa wa jana. Mwaka 1996 wakazi wa Scunthorpe, Uingereza, walikwama kufungua akaunti za AOL, kampuni ya intaneti, kwa sababu ya herufi nne zilizojificha kwenye jina la mji wao. Wao walau walikwamishwa kwa lugha yao. Sisi tunapigwa kwa mbili.

Mtukanaji halisi wala hasumbuki. Anaandika "mpumb@vu" anapita anapunga mkono.

Nimekata rufaa, jibu limekuja kabla sijaweka simu chini: "Umekiuka viwango vya jamii." Jamii ipi? Ile iliyokula pilau ya arobaini haijalalamika.

Nimelambwa siku saba. Tangazo bado liko pale na nyota zake, ndugu wanazidi kulisoma, na kulifuta siwezi kwa sababu nimefungiwa. Anayejua namna ya kumpata binadamu kule ndani, hata mmoja, anishtue.