Traka ya mkopo uliokwisha bado imo kwenye Probox: naitoaje bila gari kuzima?

Bint_Bamburi
Salaam aleikum wakuu. Nimenunua Probox kwa mtu hapa Mombasa. Aliikopea kwa logibuku (hati ya umiliki wa gari), mkopo umekwisha na logibuku sasa ina jina langu peke yangu. Naambiwa traka ya mkopeshaji bado imo ndani. Sitaki mtu nisiyemjua ajue nalala wapi na watoto nawashusha shule gani. Naitafuta wapi, na nikiikata kuna madhara? Simu yangu ni Android.

Nyaya_Changamwe
Waaleikum salaam dada. Usikate chochote kwanza. Traka nyingi za mikopo hufungwa pamoja na relei, yaani swichi ya umeme, inayoweza kuzima pampu ya mafuta. Ukiing'oa kwa pupa, gari haliwaki.

Anzia tundu la OBD, lile la kuchomeka kompyuta ya fundi, chini ya dashibodi upande wa dereva. Lina pini 16, na pini ya 16 ina umeme wa betri hata ufunguo ukiwa umetolewa, kwa hiyo traka ya kuchomeka hukaa hapo bila kufungwa waya. Kama hakuna kitu, fungua kifuniko cha chini ya usukani umulike kwa tochi. Tafuta kiboksi cheusi kidogo na utepe mweusi usiofanana na ule wa kiwandani. Soketi za manjano ni za mifuko ya hewa, usiziguse.

Usipoiona, tumia mita ya umeme. Zima kila kitu, funga milango, ngoja dakika 30, kisha pima ampea kati ya nguzo hasi ya betri na waya wake uliotolewa, mita ikiwa kwenye 10A. Kawaida ni chini ya miliampea 50. Usiwashe gari mita ikiwa hapo, fyuzi yake itaungua. Ikizidi, chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Isiposhuka kwa fyuzi yoyote, waya umeungwa moja kwa moja kwenye betri.

Likoni_Ferry
Si achomoe laini ya simu tu? Bila laini haitumi kitu.

Nyaya_Changamwe
Haitumi, lakini relei inabaki, na relei ndiyo itakayomlaza njiani. Huku pwani hewa ina chumvi. Viungo vilivyosokotwa na kuzungushiwa utepe huota kutu ya kijani, pampu ikakosa umeme gari likiwa katikati ya barabara.

Kazi yenyewe iko hivi. Toa waya hasi wa betri kwa spana namba 10, ngoja sekunde 90. Chini ya relei mna namba. 85 na 86 ni nyaya nyembamba zinazoamrishwa na traka. 30 na 87a ni nyaya nene, ncha mbili za waya mmoja wa gari uliokatwa, mara nyingi rangi ile ile. Hizo mbili lazima ziunganishwe tena: lehemu kwa risasi, kisha vika mrija unaosinyaa kwa moto. Nyembamba zizibe kila moja peke yake. Traka nyingi zina betri yao ndani, hivyo huendelea kutuma kwa muda hata baada ya kukatwa umeme. Ndipo sasa utoe laini.

Kabla ya kuitupa, nakili IMEI, namba ya utambulisho wa kifaa, tarakimu 15 kwenye kibandiko.

Mwanasheria_Tudor
IMEI hiyo ndiyo muhimu, dada, kwa sababu safari zako zimo kwenye seva yao hata kifaa kikitoka. Waandikie mkopeshaji na kampuni ya traka, ambatisha nakala ya logibuku, taja tarehe uliyonunua, waombe waondoe IMEI kwenye akaunti na wafute safari zote tangu siku hiyo. Haki hiyo imo kwenye Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Wakikataa, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambaye sheria inampa siku 90 kuyachunguza. Ila hakikisha kwanza kwenye rekodi za NTSA, mamlaka ya usajili wa magari, kuwa jina la mkopeshaji limeondolewa. Likiwa bado lipo, usiguse waya.

Simu_Kongowea
Mtu anaweza pia kuficha AirTag, kifuatiliaji kidogo cha Apple, chini ya kiti. Android 6 kwenda juu hugundua: ingia mipangilio, usalama na dharura, arifa za vifuatiliaji, kisha anzisha utafutaji wewe mwenyewe. Ukiipata, igusishe nyuma ya simu yenye NFC (uwezo wa kusoma kifaa kwa kukigusisha). Itafungua ukurasa wenye namba ya kifaa na tarakimu nne za mwisho za simu ya mwenye kifaa. Piga picha ukurasa huo kabla ya kutoa betri. Na kwenye redio ya gari futa majina ya simu zilizounganishwa zamani.

Bint_Bamburi
Shukran. Jumamosi naanza na OBD, na fundi nitamwonyesha hizo 30 na 87a.