Chenji ya London: nani hasa anaulinda mkopo wetu wa dola?

MTOA MADA
Wakuu, salaam. Juzi kwenye daladala jamaa mmoja alituambia tusiogope mikopo ya kibiashara ya nje, eti soko la London lina wasimamizi wakali, mwizi hapiti. Nikamwuliza kama anaikumbuka hatifungani ya Tanzania, yaani hati ya deni serikali inayowauzia wawekezaji, ya dola milioni 600 ya Machi 2013. Hakuikumbuka.

Serikali ilitafuta hela hizo kupitia Standard Bank ya London na Stanbic ya hapa nchini. Ada iliyotajwa mwanzo ilikuwa asilimia 1.4. Kufika kwenye kusaini ikawa 2.4. Ile moja iliyoongezeka, yaani dola milioni 6, ikaingia kwenye akaunti ya kampuni ya hapahapa iitwayo EGMA, na sehemu kubwa ikatolewa taslimu ndani ya siku chache. Sasa angalieni nani alishtuka. Siyo mkaguzi wa London. Ni wafanyakazi wa benki wa hapa nchini, walioona dola zinatoka kwa mafungu, wakahoji. Makao makuu yakaona bora yajisalimishe kwa waendesha mashtaka wa Uingereza, SFO. Kosa la benki: kushindwa kuzuia rushwa.

Novemba 2015 kesi ikaisha kwa makubaliano mahakamani. Tanzania ikarudishiwa milioni 6 na riba ya kama milioni 1. Zaidi ya milioni 25 za faini na faida iliyonyang'anywa zikabaki Uingereza. Sisi tukapata chenji, kama ile ya sakata la ununuzi wa rada kutoka Uingereza.

Deni lenyewe halikuguswa. Riba yake ilikuwa Libor ya miezi sita, jumlisha asilimia 6. Kwa wasioijua Libor: kila siku ya kazi mabenki makubwa yaliulizwa yangeweza kukopa kwa riba gani, majibu ya juu sana na ya chini sana yakatupwa, yaliyobaki yakapigwa wastani. Yaliulizwa tu, hakuna aliyepima mkopo halisi! Juni 2012, miezi tisa kabla hatujasaini, Barclays ilitozwa takriban pauni milioni 290 kwa kuchezea majibu hayo. Nasi tukaitundika riba yetu kwenye Libor hiyohiyo.

Msimamo wangu: msimamizi wa London analinda jina la London. Sheria yetu ya Mikopo, Dhamana na Misaada ya 1974 inampa Waziri wa Fedha mamlaka ya kukopa. Mimi nataka masharti yote, ikiwamo kila ada na jina la anayeipokea, yafike bungeni kabla kalamu haijashikwa. Nipingeni.

MCHANGIAJI WA KWANZA
Mkuu, unaionea London. Bila Sheria ya Rushwa ya Uingereza ya 2010, hiyo milioni 6 ungeidai kwa nani? Halafu soko halisubiri vikao. Hatifungani ikitangazwa asubuhi, wanunuzi wanaweka oda, jioni bei imeshafungwa. Wewe unataka ipelekwe Dodoma ikajadiliwe wiki mbili? Utarudi ukute riba imepanda, na hao wabunge watalipa?

MCHANGIAJI KUTOKA MOMBASA
Ndugu zangu, huku kwetu Katiba ya 2010, ibara ya 211, inamtaka waziri wa fedha alete maelezo ya mkopo ndani ya siku saba Bunge likiomba. Likiomba! Mwaka 2014 tulichukua Eurobondi, yaani hatifungani ya kuuzia wa nje, ya dola bilioni 2, na maswali ya pesa zilienda wapi tulianza kuuliza zikiwa zishaingia. Februari 2024 tukakopa bilioni 1.5 kwa asilimia 9.75 ili tupunguze deni la ile ya 2014, ya riba ya 6.875, iliyokuwa yaiva Juni. Hata pasiwe na hongo ya senti moja, bei ndiyo hiyo, na hakuna ofisi duniani unakoweza kwenda kuishtaki bei.

MTOA MADA
Hoja ya saa za soko naikubali, hapo nilikurupuka. Basi Bunge lipewe vitu viwili: kikomo cha riba na orodha ya ada. Siku ya kuuza, waziri auze chini ya kikomo bila kumwuliza mtu. Ada haipandi kwa saa kama riba. Ile 1.4 haikugeuka 2.4 kwa sababu wanunuzi wa London waliamka vibaya.

Na wewe wa Mombasa, "likiomba" umeisema vizuri. Kwetu isiwe kuomba.

MCHANGIAJI WA TATU
Mnabishana waziri na Bunge, kumbe kengele ilipigwa na watu wa benki wenye mishahara ya kawaida. Wao walikuwa wanalindwa na nani?

MTOA MADA
Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ilipita 2015, mkuu. Wao walihoji 2013.