Njia za panya Namanga: zizibwe au ziachwe?

Mkazi_Longido: Wakuu, kituo cha pamoja cha mpaka wa Kenya na Tanzania hapa Namanga kilizinduliwa Desemba 2018, na abiria wa basi sasa anamalizana na pande zote mbili kwenye jengo moja. Nashukuru. Lakini mama mwenye ndoo ya nyanya bado anapita vichakani, kwa sababu foleni ile ilipangwa kwa ajili ya malori. Njia za panya zizibwe, au tumfungulie huyu mama mlango wake?

Mzalendo_Kweli: Zizibwe zote. Bangi inapita hukohuko. Na tuseme ukweli, watu wa mpakani hawana nchi. Asubuhi Mkenya, jioni Mtanzania, vitambulisho viwili mfukoni.

Ole_wa_Mpakani: Mkuu, hapo umenitukana. Mama yangu ni wa Kajiado, Kenya, baba wa Longido, Tanzania. Wazee wetu walichunga huku kabla Mwingereza na Mjerumani hawajachora mstari wao mwaka 1886. Nikivuka kwenda kumzika mjomba, uzalendo umenipungua wapi?

Mzalendo_Kweli: Mazishi sijayagusa. Nimesema vitambulisho viwili. Sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Jibu hilo.

Ole_wa_Mpakani: Ninacho kimoja tu, cha NIDA, kile cha taifa cha Tanzania. Wewe umesema "watu wa mpakani", hukusema "baadhi". Futa kauli.

Mama_Sokoni: Wanangu, mnagombania vitambulisho na sisi tunakosa riziki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 mpaka ukafungwa, ukaja kufunguliwa 1983 kama sikosei, na magendo hayakukoma hata siku moja. Halafu 2017 serikali ya Tanzania ikachoma vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya, hapahapa Namanga. Yule mfanyabiashara alikula wapi?

Mzalendo_Kweli: Mama, ile ilikuwa hofu ya mafua ya ndege. Ulitaka yaingie nchini?

Mama_Sokoni: Sikutaka. Wangevirudisha vilikotoka. Kuchoma roho za viumbe mimi siwezi kukutetea, mwanangu.

Mkazi_Longido: Jamani, turudi kwenye mada. Mzigo usiozidi dola 2,000, bidhaa ikiwa kwenye orodha ya Jumuiya, unapewa cheti rahisi cha uasili, yaani cha kuonyesha bidhaa imetoka ndani ya Jumuiya, na haulipi ushuru wa forodha. Wauza nyanya wangapi wameambiwa hivyo kwa lugha wanayoielewa? Kuziba vichochoro kabla ya kuwaeleza ni kuwaonea.

Ole_wa_Mpakani: Nakuunga mkono, mkuu. Ila kauli bado haijafutwa, na mimi siondoki hapa.