Nimwekee mama kivinjari gani? Matangazo yamemtia hatarini

BintiKibokoni: Asalaam aleikum wakubwa na wadogo. Mamangu ana miaka 63, yuko Kibokoni, na huu ni mwaka wa nane ana ugonjwa wa sukari. Mwezi wa pili alitafuta kwenye simu vyakula vinavyomfaa. Tangu siku hiyo hakupumua. Akifungua habari, tangazo la unga wa kumaliza sukari kwa siku 21. Akifungua mapishi ya mkate wa sinia, unga ule ule, na picha ya daktari mwenye koti jeupe. Mwisho akatuma shilingi 3,500. Unga ulipofika akaacha vidonge vyake. Jumapili nilimkuta amelala ukumbini, midomo imekauka, kipimo cha sukari kinasoma 22. Alhamdulillahi ametengemaa, lakini mimi bado sijatulia.

Simu ni ya Android, anatumia Chrome iliyokuja nayo. Nataka matangazo yasimfikie, na asiandamwe kwa kila anachotafuta. Nimetajiwa Brave, Firefox na Opera Mini. Kusema kweli kampuni hizi kubwa siziamini hata moja. Kiwe chepesi, macho yake yamepungua nguvu.

FundiMwembeTayari: Pole sana dadangu, na mama umfikishie salamu. Simu za wazee zinapita mikononi mwangu kila siku na nyingi zina hali hiyo. Chrome ya simu haipokei viendelezi, yaani vile viprogramu vidogo vya kuongeza kwenye kivinjari, kwa hivyo humo huwezi kutia kizuia matangazo. Hata kwenye kompyuta, Google wamebadilisha kanuni za viendelezi, na kizuia matangazo cha uBlock Origin cha Raymond Hill, ambacho kwangu ndicho bora kuliko vyote, kimefungiwa nje. Imebaki ile ndogo, Lite. Usishangae: anayekula kwa matangazo hawezi kukutengenezea mlango wa kuyazuia.

Firefox ya Android inaipokea uBlock Origin nzima. Fungua menyu ya vidoti vitatu, ingia kwenye viendelezi, iongeze, basi. Halafu ifanye iwe ndiyo inayofungua viungo vyote, na alama ya Chrome iondoe kwenye uso wa simu. Ukiiacha hapo, kidole kitarudi kilikozoea.

Mkaazi_wa_Likoni: Mimi ningemwekea Brave. Kizuizi kimo ndani tangu unapoiwasha, mama hana la kugusa.

Bakari_Tudor: Brave inazuia vizuri, sikatai. Lakini mwaka 2020 ilikutwa ikipachika kiungo cha kuipatia kamisheni mtu akiandika anwani ya Binance, soko la sarafu za kidijitali. Waliomba radhi wakakiondoa, ila mimi lile halijanitoka. Tena ndani yake ni Chromium ya Google, ule msingi wa Chrome yenyewe, kama Edge na Opera. Firefox ina injini yake yenyewe ya kufungua kurasa, Gecko.

Na tusimfiche dada: Firefox nayo sehemu kubwa ya mapato yake hutoka Google, ili Google iwe mtafutaji wa kwanza humo, yaani inayojibu mtu anapotafuta kitu. Apple peke yake ililipwa na Google dola bilioni 20 mwaka 2022 kwa ajili ya kivinjari chake, Safari. Yalitoka kwenye kesi ile ile ambayo jaji wa Marekani aliamua, Agosti 2024, kwamba Google imehodhi utafutaji kinyume cha sheria. Kwa hivyo ukishaweka Firefox, badilisha na mtafutaji, weka DuckDuckGo.

Mkaazi_wa_Likoni: Hapo kwenye mtafutaji umesema kweli. Hilo sikulifikiria.

MamaZuleikha: Opera Mini inaokoa bando, nimeitumia miaka. Ila inabana kurasa kwa kuzipitisha kwanza kwenye seva, yaani kompyuta zao. Kwa mtu anayesoma habari za maradhi yake, mwanangu, mimi nisingeichagua.

FundiMwembeTayari: Nimesahau jambo. Matangazo yaliyo ndani ya programu nyingine, kivinjari hakiyafikii. Kama ni Android 9 au zaidi, ingia mipangilio ya mtandao, tafuta DNS ya faragha (DNS ndiyo inayoitafutia simu anwani ya kila tovuti), uandike dns.adguard-dns.com. Ya YouTube na Facebook yatabaki, yanatoka kwenye seva zao wenyewe. Na ujue hapo umewakabidhi AdGuard kuona majina ya tovuti anazofungua. Kisha kwenye mipangilio ya Google, sehemu ya matangazo, futa kitambulisho cha matangazo, ile namba ambayo watangazaji huitumia kumwandama.

MamaZuleikha: Na ukae naye umweleze, mwanangu, bila kumkaripia. Mwambie picha ya koti jeupe mtu yeyote anaweza kuiweka. Yeye alikuwa anatafuta uzima wake tu.

BintiKibokoni: Shukrani sana nyote. Jana baada ya alasiri nimemwekea Firefox na uBlock Origin, mtafutaji nimebadilisha, na maandishi nimeyakuza. Akafungua mapishi yale yale, akateremka hadi chini, akarudi juu, akaniuliza, "Yule daktari yuko wapi?" Nikakaa naye mkekani nikamweleza kama alivyosema MamaZuleikha. Alinyamaza kitambo, kisha akaniambia nimletee maji anywe vidonge vyake. Ile ya DNS nitaifanya Ijumaa nikienda tena.