"Sorry" imekuponza wapi? Tupeane uzoefu

Wakuu, heshima kwenu. Kazi yangu ni kupandisha wageni Kilimanjaro, njia ya Machame, na kuna neno moja la Kiingereza linaniaibisha kila msimu: "sorry".

Siku moja tunapanda ukuta wa Barranco, mama mmoja wa makamo akateleza, goti likagonga jiwe. Mdomo wangu ukawahi: "Sorry, sorry!" Akanigeukia akaniuliza, kwani wewe ndiye umenisukuma? Nikajibu nini? "Sorry." Usiku kwenye hema la chakula nikamsikia anawaambia wenzake kwamba muongozaji wao anajilaumu kwa kila kitu, hata mvua. Hakuongopa. Ya mvua niliisema mchana.

Mtaniambia nitumie "pole". Haya, jaribuni. Mgeni akifika getini neno la kwanza analofundishwa ni "pole pole". Akijikwaa ukamwambia "pole", anapunguza mwendo.

Leteni za kwenu.

#2
Hapo kwenye mvua nimecheka peke yangu ndani ya basi. Mimi ni nesi Uingereza. Wodini bibi mmoja aliangusha kikombe cha chai, mimi niko mbali kabisa, nikasema "Oh, sorry!" Mwanawe aliyekuja kumtazama akataka kujua nimemfanya nini mama yake. Nikaitwa, nikaandika maelezo. Ukurasa mzima, kisa pole.

Na hao hao, ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anakwambia sorry! Halafu kuna ile wanayoipandisha sauti mwishoni, "Sorry?", maana yake sijakusikia, rudia. Wiki yangu ya kwanza mzee mmoja akaniambia "Sorry?" nikamjibu usijali. Akarudia, "Sorry?" Nikamwambia baba, nimeshakusamehe. Akabaki ananitazama.

#3
Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, na kosa ni letu. Tunaandika ubaoni: pole, sorry. Samahani, sorry. Kumradhi, sorry. Mtoto anaondoka na maneno matatu ndani ya gunia moja, hakuna anayemwambia kwamba Mwingereza akilisikia hilo gunia huanza kwa kudhani ni samahani. Ila wachangiaji wa juu msijione washamba. Asili ya neno lenyewe ni maumivu, ni ukoo mmoja na "sore", neno la kidonda. Kwa hiyo pole yetu haiko mbali na mzizi.

#4
Yangu ni ya hapa hapa Mbagala. Nilimkosea mke wangu, kosa lenyewe tuliache. Nikamtumia ujumbe: "Sori mama." Kimya. Jioni narudi, chakula kipo mezani kimefunikwa, yeye yuko chumbani. Akaniambia kupitia mlangoni: "Sori anaambiwa mtu aliyekanyagwa kwenye daladala. Mimi nataka neno 'nisamehe'."

Siku nne, wakuu. Neno la Kiingereza ni jepesi mdomoni, ndiyo maana tunalikimbilia.

#5
Niliwahi kusoma Melbourne, na hapo #4 ndipo penyewe. Australia nchi nzima iligombana miaka kwa ajili ya neno hilo moja. Watoto wa Waaborijini, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, walikuwa wamechukuliwa kwa nguvu kutoka kwa wazazi wao, kazi ya serikali hiyo. Waathirika wakadai serikali iseme sorry. Waziri Mkuu John Howard akakataa. Mwaka 1999 Bunge likapitisha azimio lenye neno la kusikitika tu, sorry halimo. Mpaka tarehe 13 Februari 2008 Kevin Rudd aliposimama bungeni Canberra akalitamka, "we say sorry", mara tatu.

Wenzangu wa darasani walikuwa wakinieleza jambo hili kwa saa nzima, sheria, fidia, nani wa kulaumiwa. Mimi kichwani nilishamaliza: Howard alikuwa tayari kutoa pole, watu wanadai samahani. Lakini nenda kaliseme hilo kwa Kiingereza.

#6
#4 kosa lenyewe lipi? Usituache njiani.

#4
Sori mkuu.

Mleta mada
Nimewasoma wote, #2 nimesoma mara mbili. Siku hizi mgeni akijikwaa najilazimisha kumuuliza kama yuko salama. Mdomo unatii kama nusu ya safari, tukipita kambi ya Karanga nimechoka, narudi kule kule.

Juzi tunashuka kwa Mweka, tope tupu, mgumu wetu mmoja, yaani mpagazi, akateleza na begi la mgeni kichwani, akakaa chini puu! Mwenye begi, Mwingereza, akamkimbilia mikono mbele: "Sorry! Sorry!"

Nimekaa nawaza. Begi ni lake, na lilikuwa zito. Mpaka leo sijajua ile ilikuwa pole au samahani.