Kupanga nyumba Iringa: nianzie mtaa gani?

Mwalimu wa Njombe
Ndugu zangu, salaam. Mwezi wa kumi ninahamia Manispaa ya Iringa kikazi, pamoja na mke wangu na mtoto mmoja, nami natafuta chumba na sebule vyenye choo cha ndani kwa kodi isiyozidi shilingi 100,000 kwa mwezi. Dalali niliyempigia simu anataka kodi ya miezi sita, pamoja na malipo yake ya mwezi mmoja, kabla sijaiona nyumba. Mtaa gani unafaa, na niangalie nini kabla ya kutoa fedha?

Mkazi wa Kihesa
Karibu sana, kaka. Usitume hata shilingi moja kabla hujaingia ndani ya nyumba na kuzungumza na mwenye nyumba mwenyewe. Gangilonga ni pazuri, ila kwa bajeti yako utahangaika. Huku Kihesa vyumba vipo, lakini mwezi wa kumi ndipo wanafunzi wa Mkwawa na wa Chuo Kikuu cha Iringa wanapomiminika, kwa hiyo ukiweza njoo utafute mwezi wa nane. Ipogolo unaweza kupata nafuu zaidi. Hata hivyo, kuko bondeni na mji uko juu mlimani, hivyo jumlisha nauli ya kila siku kabla ya kuiita nafuu.

Mama Wawili
Mwalimu, ulizia sana habari za umeme. Mita moja ikitumiwa na familia nne, kuchangia luku huzaa ugomvi usiokwisha, maana mmoja ana jiko la umeme na mwenzake ana taa mbili tu. Tena, tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kwenye luku, na kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa sasa ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Mdaiwa ni mwenye nyumba, lakini anayekatwa ni yule anayenunua umeme; mwombe aipunguze kwenye kodi ya pango, na jambo hilo liandikwe kwenye mkataba. Ni haki yako, wala si kumsumbua mzee wa watu.

Mpangaji wa Mtwivila
Naunga mkono. Kuhusu miezi sita, omba mitatu kwa heshima. Wapo wanaokubali, hasa wakijua kwamba ni mtumishi mwenye familia. Mkataba usainiwe mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na kila malipo uyadai risiti. Pia kagua dari na madirisha, kwa kuwa baridi ya mwezi wa sita na wa saba huku si ya kulala na mtoto kwenye chumba kinachopitisha upepo.